Saratani ya kongosho: tupime damu ya ukoo mzima, au tuulize kwanza nani alikufa na nini?

Ndugu wawili wa tumbo moja wakifa kwa saratani ya kongosho, hapa Dodoma maneno huanza kabla matanga hayajaanuliwa. Wapo watakaosema ukoo umechezewa. Hao nitawaacha. Wapo pia vijana waliosoma, watakaosema hivi ni vinasaba, twendeni wote tukapime. Hawa wana hoja, ila nadhani wanaruka hatua.

Hoja yao ni hii. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani hii, takribani 10 walizaliwa na kasoro ya jeni inayochangia ugonjwa wao. Inayotajwa sana ni BRCA2, ile ile ya saratani ya matiti. Zipo na BRCA1, PALB2, ATM na CDKN2A. Kasoro ya PRSS1 ina njia yake: kimeng'enya, yaani kichocheo cha kusaga chakula, kinachotakiwa kuanza kazi utumboni huwaka mapema ndani ya kongosho lenyewe, kongosho likawa linavimba mara kwa mara tangu utotoni, na baada ya miaka mingi saratani ikapata pa kuanzia. Tena, mtu ambaye wawili kati ya wazazi, ndugu wa kuzaliwa au watoto wake wameugua, hatari yake hupanda mara sita hivi kuliko ya mtu wa kawaida.

Kujua mapema kuna faida gani? Ugonjwa huu hujificha. Macho yakishakuwa ya njano, mtu amekonda na maumivu yanapenya hadi mgongoni, mara nyingi upasuaji umeshapitwa na wakati. Ndiyo maana wenzetu wenye uwezo humfuatilia kila mwaka mtu mwenye kasoro ya jeni na historia ya familia, kwa picha za MRI au ultrasaundi inayopitishwa tumboni kwa endoskopi, ule mpira mwembamba wenye kamera. Kuna na faida ya tiba: utafiti uliotolewa 2019 ulionyesha kwamba dawa ya olaparib huchelewesha ugonjwa kusonga kwa wagonjwa wenye kasoro ya BRCA ambao saratani yao, ikiwa imeshasambaa, ilitulizwa na dawa za kemotherapi za kundi la platini.

Sasa upande wa pili. Kurithi jeni si kurithi ugonjwa. Kati ya watu 100 wenye kasoro ya BRCA2, watakaougua kongosho maishani ni kama 5 hadi 10. Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, alizikwa na umri wa miaka 100, wakati baba yake, mdogo wake wa kiume na dada zake wawili wote waliuawa na saratani hii. Mwenyewe alikuwa akisema tofauti yake na wao ni moja: hakuvuta sigara. Mtu mmoja si ushahidi, lakini tumbaku kuongeza hatari karibu mara mbili ni jambo lililothibitishwa. (Hata wenye kundi la damu lisilo O wana hatari kubwa kidogo kuliko wenye O. Hilo nalo ni la kurithi, na sijaona kikao cha ukoo kikiitishwa kwa ajili yake.)

Kuna na ugumu wetu wenyewe. Hazina za taarifa za jeni duniani zimejaa damu ya watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo Mwafrika hupata mara nyingi zaidi jibu la "badiliko lipo, maana yake haijulikani". Na kwa mkulima wa alizeti wa Kongwa, kufuatilia vipimo kila mwaka hadi uzeeni ni nauli, foleni na shamba kulala.

Lakini hatua inayorukwa ni ndogo kuliko zote hizo. Sikiliza mazungumzo ya chumba cha daktari yanavyokwenda:

"Mzee, baba yako alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Tumbo, daktari. Alikonda, akawa wa njano."

"Baba aliyekuzaa?"

"Hapana, baba mdogo. Aliyenizaa aligongwa na gari."

Hapo hesabu ya mara sita imeshabadilika. Na "tumbo" lenye unjano linaweza kuwa ini, mawe ya nyongo au kongosho. Upande wa mama ndio hausemwi kabisa, kwa kuwa ukoo tunauhesabu kwa baba, na hali BRCA2 hupita kwa mama sawasawa na kwa baba. Mama mdogo aliyekufa kwa titi akiwa na miaka 38 anaweza kumweleza daktari mengi kuliko babu wote wa upande wa kuumeni.

Kwa hiyo mimi nasema apimwe kwanza mgonjwa, angali hai, kisha ndugu wazima. Miongozo ya Marekani tangu 2019 inashauri kila mwenye saratani hii apimwe jeni hata kama hana historia ya familia. Kasoro ikipatikana kwake, ndugu wanatafutiwa hiyo moja tu, na jibu linakuwa ndiyo au hapana. Akishazikwa, ndugu wanabaki kupima gizani.

Wazee wanaohofia jina la ukoo nao wasikilizwe. Habari ya "wale wana saratani ya kurithi" ikishafika sokoni Majengo, mabinti watakosa wachumba. Majibu apewe mgonjwa mwenyewe, faragha, yeye ndiye aamue amwambie nani. Ila daktari asimfiche kwamba dada yake wa Kondoa, waliozaliwa baba mmoja mama mmoja, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa na kasoro hiyo hiyo.