Daftari mezani, wimbo masikioni

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Jioni moja nilimkuta sebuleni akikariri elementi 20 za kwanza, hedifoni masikioni, kichwa kikifuata mdundo. Haidrojeni, heli, lithi, berili, boroni... hapo akakwama, midomo ikaendelea yenyewe na kiitikio cha Bongo Fleva. Akaanza upya, akakwama palepale, mara tatu. Nikamwambia azime. "Mjomba, nikizima nasinzia," akanijibu kwa upole.

Nimelitafakari sana jibu lile, maana wazazi wengi hunyang'anya simu bila kulisikiliza. Mtoto aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, usiku hana nguvu. Nyumba zetu nazo hazina chumba cha kusomea: televisheni inaunguruma, wadogo zake wanagombana, jirani ana redio yake. Muziki wa masikioni ndio ukuta pekee anaoweza kujijengea.

Zipo pia tafiti za kumtetea. Mwaka 2002 Susan Hallam na wenzake nchini Uingereza waliwapima watoto wa miaka 10 hadi 12. Waliosikilizishwa muziki wa kutuliza walifanya vizuri zaidi katika hesabu na katika kukumbuka maneno kuliko waliokaa bila muziki. Lakini muziki wa fujo uliivuruga kumbukumbu yao. Kwa hiyo singeli, muziki wetu wa mdundo wa kasi, pamoja na raha yake yote, siiwekei dhamana.

Tatizo kubwa hasa ni maneno. Tunapokariri jambo kwa mpangilio, tunalirudiarudia kimoyomoyo, kwa sauti isiyotoka, na sauti ya mwimbaji inaingia kwenye njia hiyohiyo. Mwaka 1989 Pierre Salamé na Alan Baddeley walionyesha kwamba nyimbo zenye maneno huvuruga ukumbukaji wa tarakimu kwa mfuatano kuliko muziki wa ala tupu. Elementi 20 ni mfuatano mtupu. Kijana yule alikuwa akibeba mizigo miwili kwenye baiskeli moja.

Vijana wana hoja mbili za kujibu hapa. Ya kwanza: nasikiliza wimbo wa lugha nisiyoijua, kwa hiyo haunigusi. Herbert Colle na Alan Welsh walilijaribu jambo hili Marekani mwaka 1976. Waliwasomea watu Kijerumani wasichokijua huku wakikariri herufi, na kumbukumbu ikashuka vilevile. Ya pili: huu ni wimbo niupendao. Nick Perham na Joanne Vizard waliupima mwaka 2011, wakakuta muziki unaopendwa na usiopendwa unaharibu mfuatano kwa kiwango kinachokaribiana, na kimya kikavishinda vyote viwili. Kweli, tafiti nyingi za aina hii zimefanywa kwa watu wazima, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu. Hata hivyo sioni kwa nini mtoto wa miaka 14, ambaye umakini wake bado unakomaa, awe na kinga ambayo wao hawana.

Nisieleweke vibaya: wimbo wenyewe si adui wa kumbukumbu. Watoto wa madrasa hushika sura ndefu kwa sauti yenye mahadhi, na chekechea hufundishwa siku za wiki kwa kuimba. Pale wimbo unabeba somo lenyewe. Wimbo wa pembeni unabeba habari nyingine kabisa, mapenzi na magari, na unagombea nafasi na somo.

Kuna jambo moja husahaulika. Ule utafiti maarufu wa mwaka 1993, unaotajwa kuwa muziki wa Mozart, mtunzi wa zamani wa Ulaya, hunoa akili, uliwahusu watu waliousikiliza dakika 10 kabla ya kazi, tena kazi ya kufikiri kwa maumbo, na manufaa yake yalikwisha ndani ya robo saa. Watafiti waliofuata waliona siri iko kwenye kuchangamka, si kwa Mozart mwenyewe. Ndicho alichokuwa akiniambia mpwa wangu kuhusu usingizi.

Basi tukapatana. Akishanawa uso anasikiliza nyimbo mbili, anasimama, anacheza akitaka. Kisha anazima na kukariri kwa dakika 20. Kwenye kunakili na kuchora michoro ya baiolojia anarudisha muziki, nami simkatazi. Kelele za jirani bado zipo, kwa hiyo siku hizi anakariria uani, karibu na kamba ya nguo, akitembea huku na huko.