Nauli ya Kwenda Mirihi

Waambie watoto wa kidato cha kwanza wataje sayari kwa mpangilio, watakuimbia bila kukosea: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni. Baada ya likizo hawakumbuki hata nusu. Ndiyo maana hapa Jinja, Uganda, ninapofundisha Kiswahili, tumeungana na mwalimu wa fizikia tukawapa watoto safari. Kila kikundi kinachagua sayari, kinajipanga, kinaondoka, kisha kinarudi kutusimulia.

Mara ya kwanza niliwaachia mno. Kikundi kimoja kilitua Mshtarii, kikajenga nyumba na kupanda matoke. Insha ilikuwa tamu, nikaipa alama za juu, na hilo najutia. Mshtarii ni gesi; hakuna ardhi ya kukanyaga, sembuse ya kulima. Mtoto aliyeandika vile hakwenda Mshtarii. Alibaki kwao.

Sasa kila msafiri hujibu kwanza: utakaa njiani muda gani, utabeba nini, na huko ni nini kitakachokuua mapema zaidi?

Muda tuliupiga hesabu kwa bodaboda, kilomita 40 kwa saa, usiku na mchana, bila kusimama hata kuweka mafuta. Mwezini, kilomita 384,000, ni siku 400. Mirihi, hata inapotusogelea sana, kilomita milioni 55 hivi, ni zaidi ya miaka 150. Darasa lilinyamaza kimya. Umbali huo umo vitabuni siku zote, ila hawakuwahi kuuchoka kwa miguu yao.

Waliokwenda Zuhura ndio walionigusa zaidi. Huko joto ni kama nyuzi 465, madini ya risasi yanayeyuka, na hewa inakandamiza mara 90 hivi kuliko yetu. Chombo cha Wasovieti, Venera 13, kilitua mwaka 1982 kikadumu dakika 127 tu. "Teksi ya kwenda Kampala," akasema mmoja wao, na safari yao nzima wakaipanga ndani ya dakika hizo: nini kitazamwe kwanza, nini kiachwe.

Walimu wenzangu huniambia muda hautoshi. Lakini mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 wenyewe unadai miradi, na mradi huu unataka chaki, karatasi na vipindi vinne. Tuutumie.

Msichana mmoja wa kikundi cha Zuhura aligundua kwamba huko jua huchomoza magharibi, na toka lichomoze mpaka lizame hupita karibu siku 58 za kwetu. Akaniuliza: "Mwalimu, aliyefunga Ramadhani huko atafuturu lini?" Sikuwa na jibu. Jioni alikwenda kumuuliza shehe wa mtaani kwao, na daftari lake la hesabu mkononi.