Mashabiki wa Simu Hawazomei Timu Yao

Jumamosi moja nilikuwa nimeketi kwenye benchi la fundi wa simu karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, nikingoja abadilishe sistimu ya chaji ya simu yangu. Kando yangu vijana wawili walikuwa wakibishana. Mmoja alikuwa na iPhone ya mtumba, zile tunazoziita ex-UK, na mwenzake alikuwa na Android ambayo bado ilikuwa na nailoni ya dukani kwenye kioo. Mabishano yenyewe yanajulikana. Wa Android anasema, "Yako haiwezi hata kunitumia picha kwa Bluetooth." Wa iPhone anajibu, "Yako mwaka ujao itakuwa inakwama ukifungua WhatsApp." Fundi aliendelea kuchoma waya bila kuinua macho.

Akaja mama mmoja wa makamo. Alifungua fundo la leso, akatoa simu ya kioo, akaiweka juu ya meza.

"Fundi, hii simu imekufa. Mwanangu alinipa, lakini haipokei."

"Keti, mama. Nipe namba nikupigie."

Simu ikaita vizuri tu. Mama akabonyeza kile kiduara cha kijani. Haikupokea. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Fundi akamwambia, "Usibonyeze, mama. Kivute juu." Mama akavuta, lakini kidole chake kilikuwa kikavu na kigumu kwa kazi, na kioo hakikukisikia. Simu ikanyamaza. Akatutazama sote.

"Si nimewaambia imekufa? Na ile kabambe yangu nilikuwa natuma pesa gizani, bila hata kuangalia."

Mwenye iPhone akasema kwa upole, "Mama, ni kujifunza tu." Mwenye Android akaitikia kwa kichwa. Walikuwa wamebishana karibu nusu saa, na hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana: kosa ni la mama.

Nimelibeba neno hilo wiki kadhaa sasa. Nimekuja kuamini kwamba huu ushabiki wetu wa simu, tunaouona kama utani wa vijana, una mtu unayemuumiza, na mtu huyo hata hayumo kwenye mabishano.

Nianze na upande wa mashabiki, maana sidhani wanababaika bure. Simu hapa kwetu inanunuliwa kwa jasho. Ukishainunua, unaingiza maisha yako ndani yake: picha za mazishi ya baba, kikundi cha chama, M-Pesa, namba za wateja. Kuhama kutoka aina moja kwenda nyingine ni kama kuhama nyumba usiku. Hadi mwaka 2022 WhatsApp haikuwa na njia rasmi ya kuhamisha mazungumzo kutoka Android kwenda iPhone. Hata leo nakala za mazungumzo hukaa kwenye maghala mawili tofauti: ya Android kwa Google, ambako unapewa GB 15 za bure, na ya iPhone kwa Apple, ambako unapewa GB 5. Mtu aliyefungwa hivyo akisema "mimi ni wa huku," anaeleza tu mahali alipoweka vitu vyake.

Halafu kuna maarifa ya mtaa. Unanunua simu ambayo jirani anaijua, fundi ana kioo chake, na muuza kava wa kando ya barabara ana saizi yake. Ukikwama usiku kuna binamu wa kukuelekeza. Hiyo ni mali, hata kama haiandikwi kwenye boksi.

Na kila upande una hoja ya kweli. Wa iPhone wakisema simu yao inadumu, hawadanganyi. iPhone XR ilitoka 2018, na mwaka 2024 bado ilipokea sasisho la iOS 18. Kijana anayenunua simu ya miaka kadhaa kwenye Oginga Odinga Street ananunua kitu ambacho bado kinatunzwa na mwenye kukitengeneza, na kwa mtu anayeweka programu ya benki ndani ya simu, hilo si jambo dogo. Kwa upande wa Android, Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kuanzia simu yake ya Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikafuata na Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024. Lakini hizo ni simu za bei ya juu. Simu ambazo wengi wetu tunazimudu hazina ahadi ya aina hiyo.

Wa Android nao wana lao, na kwa maisha ya hapa naliona zito zaidi: laini mbili. Watu wengi ninaowajua wana Safaricom kwa sababu ya M-Pesa na Airtel kwa sababu ya bando. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, inayotengeneza Tecno, Infinix na itel, ilijijenga Afrika kwa kuzingatia vitu kama hivyo: laini mbili, betri ya kukaa na chaji, kamera inayopiga ngozi nyeusi ionekane ilivyo. iPhone ilikaa na laini moja hadi 2018, na laini ya pili ilipokuja ilikuwa eSIM, isiyoshikika mkononi, isipokuwa kwa simu zilizouzwa China. Kisha mwaka 2022, iPhone 14 zilizouzwa Marekani zikatolewa bila kitundu cha laini kabisa. Fikiria mzazi aliye kijijini, anatumiwa simu na mwanawe aliye ng'ambo. Anaigeuza huku na huku akitafuta pa kutia laini yake. Hakuna.

Kuna na M-Pesa yenyewe. Ilizinduliwa Machi 2007, miezi mitatu kabla ya iPhone ya kwanza kuingia sokoni kule Marekani, na ilitengenezwa kwa ajili ya simu za vibonyezo: orodha, namba, sawa. Kwenye Android nyingi menyu hiyo ya laini hukaa kama programu nyingine, unaiona. Kwenye iPhone imefichwa ndani ya mipangilio ya mtandao wa simu, ndiyo maana watumiaji wengi huenda moja kwa moja kwa *334# au kwa programu ya M-Pesa. Atakayesema *334# inatosha hajakosea. Inafanya kazi kote, hata kwenye mulika mwizi. Lakini tazama maana yake: njia ya uhakika ya kutuma pesa kwenye simu ya bei kubwa ni ileile ya simu ya bei ndogo.

Sasa niseme la kwangu. Mimi ni mtu wa Android tangu 2011, ile IDEOS ya Huawei ilipoletwa nchini kwa karibu shilingi 8,000 na wengi wetu tukashika kioo kwa mara ya kwanza. Simu niliyonayo leo huniletea matangazo ambayo sikuyaomba. Siku moja nilikuwa nimesimama Kondele, mtu wa boda ananingoja nimlipe shilingi 50, na tangazo la mchezo likafunika kioo kizima. Alama ya kulifunga ilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama. Nikaigusa, nikakosea, likanipeleka dukani kupakua mchezo. Yule wa boda alikuwa na abiria mwingine anayemwita. Nilifika nyumbani na hasira, na jioni hiyohiyo, shemeji yangu alipoanza kuisifu iPhone yake, nikaitetea simu yangu kwa nusu saa nzima. Matangazo sikuyataja hata mara moja.

Hapo ndipo mpira unaponifunza kitu. Sisi wa huku tunaujua ushabiki. Gor Mahia ilianzishwa 1968, AFC Leopards 1964, na mechi yao inaitwa ya Mashemeji kwa sababu Wajaluo wa Gor na Waluhya wa Leopards wameoana miaka na mikaka. Mtu wa Kogalo, yaani Gor Mahia, hahami. Lakini mtu huyohuyo, timu ikicheza ovyo, ndiye wa kwanza kusimama na kumpigia kelele kocha. Atamtaja mchezaji kwa jina, ataeleza pasi iliyopotea, atataka beki atolewe. Anaipenda timu, na kwa kuipenda anaidai. Shabiki wa simu anafanya kinyume. Simu yake ikimkwaza, anakaa kimya ili yule wa upande wa pili asifurahi.

Na ukimya huo unawafaa wenye kampuni peke yao. Wao wenyewe hawana uadui huo tunaoupigania. Wanaazimana kila siku. Pazia la arifa unalolivuta kutoka juu lilikuwa kwenye Android tangu 2008. iPhone ikalichukua 2011. Wijeti za kioo cha mwanzo, vile vidirisha vya saa na hali ya hewa, zilikaa Android miaka mingi kabla iPhone kuziruhusu 2020. iPhone X ilipoondoa kitufe cha nyumbani 2017 na kutaka watu wavute kidole kutoka chini, Android 10 ikaleta mtindo kama huo 2019. Kwa hiyo yule mama, hata angepewa simu ya upande gani, angekutana na mlango uleule usio na kitasa.

Malalamiko yanapotolewa, vitu husogea. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone za zamani zenye betri zilizochoka. Watu walipiga kelele, na mwaka 2018 bei ya kubadilishiwa betri nje ya dhamana ikashushwa Marekani kutoka dola 79 hadi dola 29. Umoja wa Ulaya ulipotunga sheria ya chaja moja, Apple ilipinga. Bado iPhone 15 ikaja na USB-C, tundu la chaja kama la Android, mwaka 2023, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya tarehe ya mwisho ya Desemba 2024. Leo chaja moja nyumbani inatosha simu mpya za pande zote mbili. Faida hiyo haikuletwa na mashabiki waliokuwa wakiisifu waya ya zamani.

Nitakubali pia kwamba wabunifu wana sababu zao. Kuvuta badala ya kubonyeza kunazuia simu isijipokee yenyewe mfukoni, na kwa mtu anayekimbilia matatu hilo ni jema. Na "ni kujifunza tu" ina ukweli ndani yake. Hata kabambe mama alijifunza. Lakini kabambe ilikuwa na kitufe kimoja cha kupokea, kilikaa mahali pamoja, kikabaki hapo hadi simu ikaisha. Simu ya kioo, iwe iPhone au Android nyingi, ikiwa imefungwa unavuta, ikiwa imefunguliwa unabonyeza. Simu moja, kazi moja, njia mbili, na hakuna anayekuambia. Kisha sasisho linakuja usiku na asubuhi kiduara kimehama. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutojifunza kitu kinachobadilika kila anapokizoea.

Tena wengi hata hawakuchagua. Tangu Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa Safaricom wa simu za mkopo, ianze 2020, kwa shilingi 20 kwa siku, na mipango mingine ya mkopo iliyofuata, mtu hushika simu ambayo mkopeshaji anayo, na asipolipa inafungwa. Kumwita huyo "timu Android" ni kumvika jezi asiyoinunua.

Ningependa kusikia mabishano ya aina nyingine kwenye mabenchi ya mafundi. Wa iPhone aulize kwa nini Siri haiongei Kiswahili. Wa Android, ambaye amekuwa na Kiswahili kwenye Mipangilio miaka mingi, aulize kwa nini maneno mengine yaliyomo humo hayaeleweki hata kwa mwalimu wa Kiswahili. Wote waulize kwa nini kioo hakisikii kidole cha mtu anayelima, na kwa nini ukiwa Dunga saa saba mchana lazima uingie chini ya mwembe ili usome ujumbe kwenye simu ya bei nafuu. Mashabiki ndio wanaozijua simu hizi kuliko sisi wengine. Wakinyamaza wao, mama wa Kibuye ataandika malalamiko kwa nani?

Fundi aliichukua ile simu, akaingia kwenye mipangilio, akapita kurasa tatu hadi kwenye sehemu ya walio na shida ya kuona au kushika. Akawasha chaguo la kupokea simu kwa kitufe cha sauti kilicho ubavuni. Akapiga tena. Mama akakipapasa kitufe kwa kidole gumba, akakibonyeza.

"Haloo?" alisema, akimtazama fundi machoni.

"Haloo, mama."

Akakata. Akaiangalia simu mbele na nyuma. Vijana wawili walikuwa wamenyamaza, na yule wa iPhone alishatoa yake na kuanza kutafuta kama nayo ina kitu kama hicho.

"Piga tena," mama akamwambia fundi. "Nataka kuhakikisha."