Tuambieni Nani Aliwadhamini

Kuna namna ya kusimulia mafanikio ambayo imeshika sana hapa Mombasa. Mtu anapewa kipaza sauti kwenye ukumbi wa hoteli huko Nyali, anatabasamu, anasema: "Mimi nilianza na shilingi mia tano." Makofi yanapigwa kabla hajamaliza. Halafu tunaruka. Tukikutana naye tena kwenye sentensi inayofuata, ana duka la pili Bamburi, ana malori, ana watu anaowalipa mshahara. Katikati palitokea nini? Bidii, anasema. Nidhamu. Kumtegemea Mola.

Sina ugomvi na bidii, wala na Mola, hasha. Ugomvi wangu ni hiyo katikati inayorukwa, maana ndiyo sehemu pekee ambayo kijana wa Mishomoroni aliyekaa viti vya nyuma angeweza kwenda nayo nyumbani ikamfaa. Mia tano ataitafuta mpaka aipate. Bidii anayo, kufika hapo ukumbini kwenyewe amekuja kwa miguu. Anachokosa ni mtu wa kusimama na mwenye mali pale soko la Kongowea akamwambia, "Mpe mzigo, akishindwa nitalipa mimi." Huyo mtu, kwenye hotuba zetu, hatajwi.

Yuko mama mmoja anayepika mahamri Kisauni, jirani ya ndugu zangu. Jina lake silitaji, hakunituma. Usiku anaukanda unga kwa tui, iliki na hamira, anaufunika, analala. Kabla ya adhana ya alfajiri yuko juu ya karai, na mbaazi za nazi ziko pembeni kwenye sufuria, zinatokota taratibu. Watoto wa skuli na wenye tuktuk wakishapita, hakuna kilichobaki isipokuwa mafuta ya kuchuja. Nilimuuliza alianzaje.

"Kilo mbili za unga, mwanangu."

"Mbili tu, shangazi?"

"Mbili. Tena za deni."

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Unga aliuchukua dukani kwa mtu aliyeoa kwao, akaandikwa kwenye daftari, na daftari lile lilikaa wazi muda mrefu kuliko ambavyo duka lingemvumilia mgeni. Karai lilikuwa la marehemu mama yake mdogo. Baraza anapouzia ni ya kaka yake, ambaye kodi hataki hata kuisikia. Mtoto alipougua na mtaji wote ukaishia hospitali, wenzake wa chama cha kuchangiana pesa kwa zamu waliisogeza zamu yake mbele, ingawa wawili waliokuwa wakingojea walinuna. Leo mama huyu amesomesha. Ukimpeleka pale Nyali na kipaza sauti, nina hakika atasema "kilo mbili za unga" na watu watapiga makofi. Daftari, karai, baraza na zile zamu hazitapata nafasi, kwa kuwa hakuna atakayemuuliza.

Benki haiwezi kuviona vitu hivyo. Lakini ni mtaji, tena ndio mwingi kuliko ule unga.

Nikitoka kwa huyu mama nikaenda kwa mtu mashuhuri kuliko wote waliowahi kutoka mji huu, nakuta ni yaleyale. Ali Mazrui, yule mwanazuoni, alizaliwa hapa 1933. Mtihani wa Cambridge wa kumaliza skuli ulipotoka alikuwa na daraja la tatu, na kwa daraja hilo Makerere hawakumtaka. Akawa karani pale MIOME, ile taasisi ya elimu ya Waislamu ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Siku moja akahutubu kwenye sherehe ya Maulidi, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwemo gavana wa kikoloni, Sir Philip Mitchell. Mazungumzo yaliyofuata yakamzalia nafasi ya kusoma Uingereza. Akamalizia sekondari Huddersfield, akapata shahada Manchester 1960, ya uzamili Columbia 1961, na udaktari Oxford 1966. Makerere ileile iliyomkataa ikaja kumfanya profesa.

Kisa hiki nimekisikia kikitolewa kuwapa moyo watahiniwa kila matokeo yanapotoka: alianguka, hakukata tamaa, akawa Mazrui. Ni kweli. Ila tukiishia hapo tumemdanganya mtoto. Babake kijana yule alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, mtu aliyechapisha magazeti yake mwenyewe, Sahifa na Al-Islah, miaka ya thelathini. Alifariki 1947, mwanawe akiwa na miaka 14, lakini nyumba ile ilikuwa imeshamfundisha kijana kubishana kwa hoja. MIOME nayo haikuota kama uyoga: ilisimama kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na serikali ya kikoloni. Na Maulidi ni jukwaa la watu, limewekwa na watu, na kuna mzee fulani ambaye historia haikumtunza aliyekubali karani mwenye daraja la tatu asimame aseme mbele ya wakubwa. Kipawa kilikuwa cha Ali. Jukwaa halikuwa lake.

Mwenyewe, kwa haki yake, hakuficha. Ile daraja ya tatu aliisimulia duniani kote, hata alipokuwa hahitaji tena kumfurahisha mtu. Alipofariki Marekani Oktoba 2014 alirudishwa kuzikwa kwao, makaburi ya Wamazrui, hatua chache kutoka Fort Jesus. Vijana wanapita pale kila siku wakielekea kupiga picha baharini.

Wasanii ndio wanaonishangaza zaidi kwa jinsi wenzao wanavyosahauliwa. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, alipofariki Aprili 2014, mji uliomboleza sauti. Kanda zake zilikuwa zimejaa kwenye nyumba zetu, na hata watoto ambao hawakujua maana ya maneno walijua mahali pa kuitikia. Lakini mengi ya mashairi yale yalitungwa na Ahmad Nassir, malenga wa mji huuhuu, wa ukoo wake. Mahadhi mengine yalitoka kwenye filamu za Kihindi zilizokuwa zikionyeshwa mjini. Na pesa? Pesa ilitoka harusini. Aliyewahi kukaa kwenye harusi ya taarabu ameona: beti likimgusa mtu, anainuka, anakwenda mbele kwa madaha, anatuza noti, anarudi kiti chake akiwa amemjibu hasimu wake bila kufungua kinywa. Wale wanawake ndio waliolisha muziki wa Mombasa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kualikwa kwenye jopo la kuzungumzia "uchumi wa sanaa".

Nikiongeza kwamba Ahmad Nassir ni nduguye Abdilatif Abdalla, aliyefungwa 1969 kwa kijikaratasi cha kuihoji serikali, akatunga mashairi kifungoni akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1974 diwani iliyotokana nayo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, mtaona ninakoelekea. Hawa hawakuota kila mtu kwenye shamba lake. Walisikilizana na kukosoana mizani na vina wakiwa bado vijana.

Mahali ambapo jambo hili linaonekana kwa macho ni Changamwe, kwenye barabara ya Port Reitz, kwa wachongaji wa Akamba Handicraft. Mapokeo yanamtaja mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu, kwamba alijifunza uchongaji kwa Wazaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao Ukambani. Angeweza kubaki hivyo hivyo, hadithi ya fundi mmoja hodari. Lakini wachongaji wa Mombasa walijiunga, na 1963 wakaanzisha ushirika. Ingia pale leo. Mabanda ya mabati, watu wamekaa chini kwenye chembechembe za mbao, mguu umelikanyaga gogo la muhuhu lisicheze, tezo inashuka inchi moja tu kutoka kidoleni. Huyu anatoa umbo la twiga, yule hapigi tezo kabisa, kazi yake ni msasa, na wa tatu anapaka rangi madoa ambayo twiga wa kweli angeyakataa. Ukiingia duka lao, kila kinyago kina namba ya mwanachama. Kikinunuliwa, mwenye namba analipwa, ushirika unakata fungu lake, basi. Mtalii anadhani amenunua twiga wa "msanii wa Kiafrika". Amenunua kazi ya mikono kadhaa na daftari la ushirika.

Kuna matatizo pale, tusidanganyane. Watalii wakipungua, njaa inaingia mabandani kwa wakati mmoja, na kila mtu akichonga twiga yuleyule bei inaporomoka. Hata hivyo, naona heshima zaidi kwenye ile namba iliyobandikwa chini ya kinyago kuliko kwenye hotuba nyingi za mafanikio nilizozisikia, kwa kuwa inamtaja aliyefanya kazi.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa nawavunja moyo vijana, kwamba ukimwambia mtoto asiye na mjomba wala baraza kuwa wenzake walibebwa, atakaa chini asifanye kitu. Mimi naona kinyume. Kinachomvunja moyo ni kuambiwa kwamba bidii inatosha, akaitoa bidii yote, kibanda kikabebwa na askari wa kaunti, mtaji ukaisha, kisha akalala akijilaumu kwamba hakuamka mapema vya kutosha. Akijua kwamba mdhamini ni sehemu ya biashara kama vile unga na mafuta, atamtafuta. Na asipompata, mdhamini anaweza kutengenezwa: chama ni mdhamini wa kutengenezwa, ushirika vilevile. Karakana za Bombolulu zilianzishwa 1969 kwa ajili ya watu wenye ulemavu ambao hakuna aliyetaka kuwaajiri, na wakawa mafundi wa vito, ngozi na viti vya magurudumu. Swahilipot, kituo cha vijana, tangu 2016 inawapa vijana wa Mji wa Kale na mitaa mingine jukwaa na chumba cha kazi bila kuwauliza baba yao ni nani. Haya yote ni katikati. Ndiyo ninayotaka yasimuliwe.

Wapo, bila shaka, ambao katikati yao hawawezi kuisimulia kwa sababu ni tenda. Hao twawajua, nao wanajua kwamba twawajua. Wakisema bidii, tunatazama sakafu.

Halafu kuna upande wa gharama, ambao nao hukatwa. Phyllis Omido anatajwa siku hizi kwenye kila orodha ya wanawake waliofaulu. Picha inayowekwa ni ya 2015, akipokea Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Kilichotangulia ni hiki: aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu hapa mtaa wa Owino Uhuru, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kushughulikia ripoti ya mazingira. Mwanawe mchanga akaugua. Wakatafuta malaria, wakatafuta homa ya matumbo, mwisho wakapata madini ya risasi kwenye damu, na njia yaliyopitia ni maziwa ya mama. Akaacha kazi, akaanza kugonga milango. Akatishwa, akakamatwa 2012, akashtakiwa, akaachiliwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, 2023 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Hesabuni wenyewe miaka, na mkumbuke kwamba katika miaka hiyo kulikuwa na wenyeji waliotoa damu ya watoto wao ipimwe, na mama waliosimama mahakamani kutwa nzima siku ambazo hawakuuza kitu. Omido ni shujaa, na mwenyewe hachoki kuwataja watu wa Owino Uhuru. Sisi tunaompongeza ndio tunaowakata kwenye picha.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaoandaa haya makongamano, maana msimu wake unakaribia na mabango yameshaanza kuonekana Moi Avenue. Mkimwalika mwenye maduka, mualikeni na mweka hazina wa chama chake cha zamani. Mkimwalika mwimbaji, mtafuteni aliyemwandikia mashairi, na mmlipe nauli. Na muda wa maswali ukifika, msiwape kipaza sauti wenye kutaka kupiga picha na mgeni. Mpeni yule wa viti vya nyuma aulize alichojia: mzigo wa kwanza ulikupa nani, ulimlipa baada ya muda gani, na aliposubiri alikula nini.