Pareto Inastahili Kupandwa Mbele ya Nyumba

Katika nyanda za juu, kuanzia Molo na Kinangop hadi Njombe na Mbeya, pareto, zao ambalo maua yake hutengenezewa dawa ya kuulia wadudu, huonekana shambani tu, na ni nadra kumkuta mtu aliyeipanda uani kwa ajili ya kuitazama. Kwa maoni yangu, huko ni kuionea. Mmea huu wenye asili ya Dalmatia, katika pwani ya Kroatia, uliofika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, hutoa maua meupe yenye kitovu cha njano juu ya vikonyo virefu, na majani yake ya kijivu yaliyochanika-chanika hupendeza hata pasipokuwa na ua lolote. Ukilisogelea ua, utaona kwamba kitovu hicho ni vijiua vingi vinavyofunguka duara baada ya duara, kuanzia pembeni kuelekea ndani; wachumaji hodari hutazama hapo ili kujua kama limekomaa.

Kinachoiua pareto zaidi ni huruma ya mwenye bustani. Mizizi yake huoza upesi katika udongo unaotuamisha maji, kwa hiyo ipandwe juu ya tuta, penye jua la kutosha, kwa nafasi ya sentimita 30 hivi kati ya shina na shina, na ikishashika imwagiliwe pale tu kiangazi kinapokuwa kikali. Samadi ikizidi, utavuna majani. Baada ya miaka 3 hivi shina huzeeka na maua hupungua. Hapo, mvua zinapoanza, ling'oe, likung'ute udongo, ulichane kwa mikono katika vipande vyenye machipukizi na mizizi yake, kisha upunguze majani kabla ya kupanda upya. Jirani akikuomba kipande, mpe, maana utabaki na vingi kuliko unavyohitaji.

Wapo wanaodai kwamba pareto ikipandwa chini ya dirisha hufukuza mbu. Sikubaliani nao. Sumu yake, yaani pairetrini, imo ndani ya vichwa vya maua, hasa katika vijimbegu, na kinachotumika kuulia wadudu ni maua yaliyokaushwa na kusagwa au kukamuliwa. Ua bichi lenyewe hushambuliwa na wadudu wadogo waitwao thripsi kama maua mengine. Anayetaka kusaga unga wake nyumbani avae glavu, kwa kuwa huwasha ngozi, na asiumwage karibu na bwawa la samaki.

Ushauri huu, hata hivyo, hauwahusu watu wa pwani. Pareto haiweki matumba bila ubaridi, ndiyo maana hulimwa milimani, na mkazi wa Tanga au Mombasa ataambulia majani matupu. Yeye namshauri apande vinka, ua lenye asili ya Madagaska linalostawi hata mchangani.