Breki ya Mkono Nimetoa, Afande

Gari lenyewe ni Subaru Impreza ya tabo, ya krachi, bluu iliyopauka upande mmoja kwa kuegeshwa juani. Nililinunua likiwa limeshachezewa: ekzosi pana kama karavati, springi fupi, na saa ya presha ya tabo imebandikwa kwenye dashibodi, haisomi kitu. Mimi nauza mbolea Mwanjelwa. Sijawahi kushindana na mtu barabarani. Lakini ukiwa na Subaru ya namna hiyo Mbeya hii, vijana wa bajaji wanakuita "rali", na baada ya miezi miwili na wewe unaanza kuitika.

Ilikuwa Julai, Uyole, ile baridi ya watu kuongea mikono ikiwa mfukoni. Trafiki akanipungia, akanionyesha uwazi wa kuegesha kando ya lami. Nikakata usukani wote kushoto. Gari likasimama. Halikuzima, injini inanguruma vizuri tu, ila limesimama kama kuna mtu mwingine amekanyaga breki. Nikaongeza mafuta. Likaruka. Kwa! Kwa! Kwa! Matairi yanalia, gari linaingia kwenye ule uwazi kwa vituo, kama chura aliyevimbiwa.

"Toa breki ya mkono," akasema.

"Nimetoa, afande."

Akachungulia dirishani, akaona kweli iko chini. Akavuta pumzi karibu na uso wangu. Chai ya tangawizi tu.

"Rudi nyuma, uingie tena."

Nikarudi. Kwenye mstari ulionyooka lilirudi bila neno. Nikakata kona: kwa, kwa, kwa. Akina mama wa maparachichi wakaweka ndoo chini waangalie vizuri. Mmoja akasema, "Jamani, linaogopa polisi." Hapo afande mwenyewe akashindwa kujizuia. Alinirudishia leseni huku anafuta machozi. "Nenda, mwaisa. Ila usikate kona."

Kutoka pale hadi nyumbani kwangu Soweto nilikata kona 11. Nilizihesabu.

Basi nikaanza kutafuta ugonjwa. Fundi wa kwanza alisema sivi jointi, vile viungo vya ekseli. Tukabadilisha zote mbili za mbele. Gari likaendelea kuruka, sasa likiwa na sivi jointi mpya. Wa pili akasema beringi. Wa tatu hakuwa fundi, alikuwa mtu wa kunywa kahawa gerejini, lakini ndiye aliyeongea kwa uhakika kuliko wote. "Kuna fyuzi," akasema. "Chini ya boneti kuna kitundu kimeandikwa FWD. Chomeka fyuzi pale, magurudumu ya nyuma yanaachiwa, utajua tatizo liko mbele au nyuma." Tulikitafuta kitundu hicho saa nzima, watu wanne vichwa ndani ya boneti, makalio nje. Maneno yake yalikuwa ya kweli kabisa, ila kitundu hicho kinakaa kwenye Subaru za otomatiki za zamani. Langu lina pedali tatu, na yeye alikuwa ameegemea mlango ambao dirishani kwake pedali zinaonekana.

Nikasikia pia kwamba matairi yasiyolingana yanaleta hayo. Hii nayo ni kweli: kwenye gari la magurudumu manne yanayovuta, tairi moja ikiwa imelika zaidi ya wenzake inazunguka mara nyingi zaidi, na kule katikati inakuwa ugomvi. Nikachukua futi ya kushonea ya mke wangu, nikapima tairi moja moja kwa kuizungushia. Zote nne zilisoma sentimita 198 na vimilimita vya kubishania. Futi ilirudi ndani nyeusi. Hilo nalo lilikuwa na ugomvi wake, tuliache.

Kilichonichanganya zaidi ni Jumapili moja nilipokwenda kwa mjomba, huko juu kuelekea Isyonje. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ya kuingia kwake ni tope tupu. Gari likapanda, likakata kona zote kama malaika, usukani mwepesi. Nikasema limepona. Niliposhuka, nikajikwaa kidole kwenye chuma alichofungiwa mbuzi wa mjomba, nikatukana kimoyomoyo, nikaingia ndani kula ndizi. Jioni narudi, nimegusa tu lami: kwa, kwa, kwa.

Ndipo nikampelekea mzee mmoja, fundi wa zamani, asiyependa maneno. Hakufungua boneti. Aliingia, akaweka gia ya kwanza, akakata usukani wote, akaachia krachi taratibu. Likaganda. Akarudi nyuma nusu mita, likatoa pumzi. Kisha akanituma niendeshe robo saa, nikirudi nikate tena. Lilikuwa baya zaidi, na nyuma ya giaboksi kunatoka harufu ya moto.

"Asubuhi likiwa la baridi ni afadhali?"

"Afadhali, mzee."

"Kwenye tope je?"

"Kwenye tope halina shida."

Akatikisa kichwa. Akanieleza huku anafuta mikono. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Nyuma ya giaboksi kuna difu ya katikati ya kuwasuluhisha, na pembeni yake kimtungi chenye sahani nyembamba na mafuta mazito ya silikoni. Tofauti ikiwa ndogo, mafuta yanaivumilia. Ikiwa kubwa na ya muda wote, yanachemka, yanakaza, mbele na nyuma wanakuwa kama wamechomelewa. Topeni tairi inateleza, ugomvi unaishia chini. Kwenye lami haina pa kuteleza, ndiyo inaruka.

"Sasa tofauti hiyo inatoka wapi? Ulibadilisha nini kabla halijaanza?"

"Hakuna, mzee."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Labda ile difu ya nyuma."

Kijana wake aliyekuwa anachonga gasketi aliacha kuchonga.

Lazima nieleze. Mwezi wa 5 nilinunua difu ya mtumba, LSD, ile inayobana magurudumu mawili yasiachane sana mwendo, ya kisasa, laki saba. Vijana walinihakikishia kwamba nyuma likiwa na LSD, gari "linashika". Niliifunga mwenyewe siku ya Jumapili na kijana mmoja, na niliwasimulia watu wote Mwanjelwa, isipokuwa mafundi niliowalipa watafute ugonjwa.

Mzee akamwaga oili, akafungua mfuniko wa difu. Akapaka chaki jino moja la gia kubwa, tukahesabu tukizungusha. Mimi nikapata 36. Kijana akapata 38. Mama wa mahindi ya kuchemsha, aliyesimama kungoja hela yake, akasema, "Thelathini na saba, mnarudia nini?" Tukarudia: 37.

"Pinioni, hii gia ndogo inayoizungusha kubwa, ina meno 9," mzee akasema. "Thelathini na saba kwa tisa ni 4.11. Giaboksi yako, inayovuta mbele, ni ya 4.44. Mbele ikitembea mita 100, nyuma inataka mita 108. Umefunga ng'ombe wawili jembe moja, mmoja ana haraka. Mtungi haujafa, una bahati. Difu ya zamani iko wapi?"

Nikanyamaza. Kidole cha mguu kikaanza kuuma upya.

Difu ile ni nzito kama nusu mfuko wa mbolea. Mwezi wa 5 nilimpelekea mjomba, nikamwambia ni chuma chakavu, atajua cha kufanya nacho. Na alijua. Ameilaza kwa ubavu, kamba ameifunga kwenye kishina cha ekseli kinachotazama juu.

"Mjomba, shikamoo. Nimefuata kile chuma."

"Marahaba. Chuma kipi? Cha mbuzi wangu?"

"Ni difu, mjomba. Ya gari."

"Ulisema takataka."

Hakutaka pesa. Alitaka chuma kingine cha uzito uleule, leo hii, maana mbuzi yule akipata nafasi anaishia kwenye kabichi za jirani. Nilikuwa na chuma kimoja tu cha uzito huo, kiko kwenye buti. Tulikibeba wawili hadi uani, LSD ya laki saba, tukaifunga kamba.

Difu ya zamani tukaihesabu: meno 40, yaani 4.44. Ilifungwa jioni ileile na gari likaingia getini kwangu kimya, usukani wote umekatwa, mke wangu akatoka kuuliza kama limezima.

Baada ya siku nne mjomba akapiga simu.

"Mjomba, hiki chuma chako kibovu. Kile cha zamani mbuzi akizunguka nacho kinazunguka. Hiki kigumu. Kamba inajiviringisha, mbuzi akikata kona anakwama."

Nikamuuliza kama ametoa breki ya mkono.