Furaha ya Wakabyle si jambo jepesi

Mtajie mtu muziki wa Wakabyle, Waamazighi wa milima ya Djurdjura kaskazini mwa Algeria, naye atakutajia machozi na waimbaji wake: Slimane Azem aliyefia uhamishoni Ufaransa mwaka 1983, Lounès Matoub aliyeuawa barabarani tarehe 25 Juni 1998. Wanastahili kukumbukwa. Lakini kumbukumbu hiyo imefunika upande wa pili, ule wa furaha, nami naona huo ndio shina.

Nenda harusini. Usiku wa hina wanawake hukusanyika katika urar, kikao chao cha kuimba: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, bendiri, matari yao, zinalia, vigelegele vinapaa. Hapo hakuna msanii na mtazamaji; bibi na mjukuu wanaimba pamoja. Nje wako idhebbalen, wapiga ngoma, na ngoma zao na ghaita, ambayo mtu wa Lamu akiisikia atatambua kuwa ni ndugu wa zumari ya kwao.

Wanaoutilia shaka upande huu wana hoja nzito. Baada ya uhuru wa 1962, serikali haikuona taabu kuwapandisha jukwaani wacheza ngoma wa Kikabyle, huku lugha yao ikinyimwa nafasi shuleni. Machi 1980, mwandishi Mouloud Mammeri alizuiwa kutoa mhadhara mjini Tizi Ouzou juu ya mashairi ya kale ya Kikabyle. Maana yake: chezeni, ila msiulize. Kwa waliopitia hayo, ngoma ya furaha ilikuwa pambo la mtawala, na wimbo wa uchungu ndio uliosimama na lugha mpaka Katiba ikaitambua Tamazight, lugha ya Waamazighi, kuwa rasmi mwaka 2016. Hilo siwezi kulipinga.

Ninachopinga ni kuiona furaha kuwa haina uzito. Zwit Rwit ya mwimbaji wa Kikabyle Idir ni wimbo wa kuchezea, ule unaowainua watu vitini. Khaled, mwimbaji wa raï wa Algeria, aliichukua lahani yake akaitilia maneno ya Kiarabu, El Harba Wine, yaani tukimbilie wapi, na vijana walioandamana Algeria Oktoba 1988 wakaufanya wimbo wao. Hasira yao ilibebwa na mdundo wa harusi.

Tena furaha yenyewe ina watu walioilipia. Wapiga ngoma walihesabiwa wa daraja la chini: harusi haikunoga bila wao, lakini koo zenye jina hazikutaka kuoana nao. Mwanamke aliyeimba hadharani alivunjiwa heshima. Mwimbaji Cherifa aliondoka kwao, upande wa Akbou, akiwa bado kijana, na sauti iliyolelewa na nyimbo za wanawake wa kijijini ikaja kusikika redioni Algiers.

Ndiyo maana sikubali historia ya muziki huu ianze na wanaume wenye gitaa na mandoli. Idir mwenyewe alikulia kwa mama na bibi waliokuwa washairi. Alipofika studio, lahani nyingi zilikuwa zimekwisha kuimbwa na wanawake, mikono yao ikiwa na hina mbichi.